Muuzaji yuko Jeffersonville, mimi niko Louisville: nizichukue vipi silaha mbili bila kuvunja sheria?

BabaZawadi
Wakuu, naomba ushauri wa wanaoijua sheria ya silaha ya Marekani. Ni mkazi wa Louisville, Kentucky, umri miaka 34, nina grini kadi (ukaazi wa kudumu). Kuna mtu binafsi, si mwenye duka, anauza bastola ya Glock 19 na bunduki fupi ya Mossberg 590 Shockwave. Yeye yuko Jeffersonville, Indiana, kuvuka daraja tu. Anasema nimpe pesa mkononi, tuandikiane karatasi, yameisha, kwa kuwa Indiana haidai kibali. Shemeji yangu anayeishi Indiana naye amejitolea anunue yeye kisha anikabidhi. Leseni yangu ya udereva bado ina anwani ya nyumba niliyohama, na jina langu ni la watu wengi. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Bardstown
Ndugu yangu, usivuke daraja na hizo pesa. Hiyo habari ya Indiana unayoambiwa inawahusu wakazi wawili wa Indiana. Nyinyi ni watu wa majimbo mawili, kwa hiyo inayowashika ni sheria ya serikali kuu, ile ya udhibiti wa silaha ya 1968. Asiye na leseni haruhusiwi kumuuzia wala kumpa mkazi wa jimbo lingine silaha ya moto, na wewe huruhusiwi kuipata kule ukaingia nayo nyumbani. Mkosaji si mmoja, ni wote wawili. Urithi una nafuu yake, lakini kwako hakuna urithi.

Kwa mwenye grini kadi jambo hili lina uzito wa pili. Kutiwa hatiani kwa kununua au kumiliki silaha kinyume cha sheria ni sababu ya kuondolewa nchini. Raia akitoka jela anarudi kwake. Wewe unaweza kutoka jela ukapelekwa uwanja wa ndege. Ndiyo maana nakusihi usipunguze hata hatua moja.

Njia halali ni hii. Tafuta kwanza dila mwenye leseni ya serikali kuu (hao ndio huitwa FFL) hapo Louisville, kabla hujakubaliana bei na mtu. Mpigie umuulize mambo mawili: anapokea silaha kutoka kwa mtu asiye na leseni, au anataka itumwe na dila mwenzake? Na ada ya kuhamisha umiliki ni kiasi gani kwa kila silaha? Wengi hutoza kati ya dola 25 na 50.

Kwa kuwa mko jirani, nafuu kubwa ni muuzaji avuke daraja yeye na silaha, aje mpaka kaunta ya dila wako. Dila anaiandika kitabuni kwa jina na anwani ya muuzaji, wewe unajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, dila anauliza NICS, mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi ulioanza 1998. Jibu likiwa "endelea", unalipa na kuondoka nayo. Kentucky haina siku za kusubiri wala kibali cha kununulia.

Muuzaji asiondoke dukani mpaka jibu litoke. Ukikataliwa naye bado yupo, anarudishiwa silaha yake papo hapo. Akishaondoka, dila hawezi kumrudishia hivihivi: itabidi ipitie kwa dila wa Indiana, na muuzaji ajaze fomu na kukaguliwa kwa silaha iliyokuwa yake mwenyewe. Andikianeni mapema nani atabeba gharama hiyo.

FundiMtutu
Naongezea kuhusu hiyo Mossberg, maana hapo wengi wanakwama. Kanuni wanayoijua watu ni kwamba bastola lazima ipitie kwa dila wa jimbo lako, ila bunduki ndefu, raifo au shotgani, unaweza kuichukua kwa dila wa jimbo lolote ukienda mwenyewe, mradi sheria za majimbo yote mawili zinaruhusu. Ni kweli. Ungesema basi, "Shockwave nitaichukulia kwa dila wa Jeffersonville."

Huwezi. Kisheria Shockwave si shotgani. Shotgani ni silaha iliyotengenezwa ifyatuliwe ikiwa begani, na Shockwave ilitoka kiwandani na mpini wa mkono tu, haina kitako, mtutu wake ni kama inchi 14. Kwenye Fomu 4473 haiandikwi kama bastola wala kama bunduki ndefu. Ina aina yake ya "silaha nyingine", na aina hiyo inahamishiwa kwa dila wa jimbo la mnunuzi tu. Mnunuzi awe ametimiza miaka 21, sawa na bastola. Dila makini wa Indiana atakukatalia hata kama muuzaji anaapa kuwa ni shotgani. Kwa hiyo zote mbili ziende Louisville.

Na ukishaipata, usiifunge kitako cha begani kwa sababu umekiona kinauzwa mtandaoni. Ukikifunga tu, umetengeneza shotgani yenye mtutu chini ya inchi 18, inayobanwa na sheria ya silaha ya serikali kuu ya 1934. Hiyo inataka maombi yakubaliwe na silaha isajiliwe kabla hujagusa bisibisi.

Nyota_wa_Nairobi
Kaka, upande wa karatasi. Kitambulisho cha picha lazima kionyeshe unapoishi sasa. Leseni ikiwa na anwani ya zamani, ama ibadilishe, ama uende na hati nyingine ya serikali yenye jina lako na anwani mpya, mfano kadi ya usajili wa gari. Bili ya umeme ya kampuni binafsi haitoshi. Sanduku la posta halikubaliki kama makazi.

Nenda na grini kadi yenyewe, maana fomu inaomba namba yako ya A au ya USCIS, idara ya uhamiaji. Ukisikia kwamba asiye raia lazima athibitishe siku 90 za kukaa jimboni, hiyo ilifutwa 2012. Viza za muda, kama ya mwanafunzi, ndizo zinazozuia, isipokuwa kwa wachache wenye msamaha maalumu, mfano leseni halali ya uwindaji.

Majina sasa. Yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule. Sisi wenye majina matatu tukiandika mawili hapa na matatu kule, tunajiletea usumbufu. Namba ya Social Security ni hiari kwenye fomu hiyo, lakini mwenye jina la watu wengi aiandike. Ndiyo inayokutenganisha na Juma Hassan mwingine mwenye kesi. Ukijibiwa "subiri", usihamaki, hujakataliwa. FBI wana siku tatu za kazi. Zikipita bila jibu, sheria inamruhusu dila akukabidhi, ila hailazimishi, na wengine hungoja jibu kamili. Ukicheleweshwa kila mara, omba FBI wakupe namba ya kudumu inayoitwa UPIN, na uwe unaiandika kwenye fomu kila unaponunua.

Soma kila swali. Kosa la ugomvi wa nyumbani, hata dogo lisilo na kifungo, linazuia. Bangi nayo: fomu yenyewe inaonya kwamba kwa serikali kuu ni haramu hata pale jimbo lilipoiruhusu. Kudanganya kwenye fomu ni kosa la peke yake, kifungo hadi miaka 10.

BabaZawadi
Asanteni sana. Na la shemeji je? Yeye hana rekodi yoyote na mimi sina. Nani anaumia?

Mzee_wa_Bardstown
Hapana, ndugu yangu. Akinunua mkononi kisha akukabidhi, ni kosa lilelile la majimbo mawili. Akinunua kwa dila, fomu inamuuliza anayejaza kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Shemeji akijibu "ndiyo" huku pesa ni zako, amedanganya. Kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014, ya Abramski. Alikuwa polisi zamani, mkazi wa Virginia. Alimnunulia mjomba wake wa Pennsylvania Glock 19, kama hiyo yako, ili apate punguzo la polisi. Mjomba alikuwa halali kabisa kumiliki, na silaha alikabidhiwa kupitia dila wa Pennsylvania. Hata hivyo Abramski alitiwa hatiani na mahakama ikathibitisha, kwa sababu ya jibu lile moja kwenye fomu. Tangu 2022 kuna pia sheria mahususi ya kumnunulia mwingine. Kifungo chake kinafika miaka 15, au 25 silaha ikiwa ni ya kutendea uhalifu, lakini hiyo inahusu kumnunulia asiyeruhusiwa kumiliki au mwenye nia ya uhalifu. Mwambie shemeji asante, abaki nyumbani.

FundiMtutu
Kabla ya kulipa, itazame Glock. Hakikisha magazini imetoka na chemba iko wazi, kisha tafuta namba. Glock ina namba sehemu tatu: kwenye kibati kidogo chini ya fremu mbele ya kifyatulio, kwenye slaidi, na kwenye mtutu, inayoonekana pale maganda yanapotokea. Zote tatu zifanane. Zikitofautiana, slaidi au mtutu umebadilishwa; si kosa kisheria, lakini shusha bei. Namba ya fremu ndiyo ya kisheria. Ikiwa imekwanguliwa, hata kidogo, iache na uondoke.

Omba namba za zote mbili siku chache kabla, uwaulize polisi wa eneo kama wanaweza kuangalia iwapo zimeripotiwa kuibiwa. Peleka namba, usipeleke silaha. Ikigundulika ya wizi baada ya kulipa, polisi wanaichukua na pesa yako hairudi.

Usitume hata senti kabla. Anayetaka malipo ya simu au kadi za zawadi, au anayesema "dila wa nini?", mkwepe. Lipa kaunta, baada ya jibu la NICS, na risiti iwe na tarehe, aina, namba na majina yenu.

BabaZawadi
Nimepata dila hapa Louisville, dola 30 kwa kila silaha, anapokea kwa mtu binafsi. Muuzaji amekubali kuja Jumamosi saa nne asubuhi.

Mzee_wa_Bardstown
Vizuri. NICS hujibu kuanzia saa mbili asubuhi, hata wikiendi, kwa hiyo saa nne inafaa. Mwambie muuzaji aje na kitambulisho chake, dila atakihitaji. Njiani silaha zisiwe na risasi, zikae kwenye buti. Gari likiwa halina buti, zikae kwenye boksi lenye kufuli, si kwenye droo ya dashibodi. Akifika aziache garini, aingie mikono mitupu, aongee na dila kwanza, ndipo azilete zikiwa ndani ya kesi. Na wewe ukikabidhiwa Glock, usiondoke bila kifaa cha kuifungia; kwa bastola, sheria inataka upewe.