MREJESHO: Hoteli ya ufukweni Dar na watoto wadogo

Wakuu, niliuliza kama watoto wa miaka 2 na 5 watafurahia hoteli kule Kunduchi, au nijikaze tupande boti hadi Zanzibar. Tumerudi jana. Aliyesema niombe chumba cha chini, Mungu akubariki. Ngazi na huyu mdogo ni vita. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, bahari iko kule mbali, basi wakashinda wakifukuza kaa mchangani. Bwawa nililolipia wala hawakuligusa! Kitanda cha mtoto tulichoahidiwa hakikuwepo, tukasukuma chetu ukutani. Chakula cha jioni kilianza saa 1 na nusu, wangu wameshasinzia. Kesho yake nikaagiza chipsi saa 11. Safari ya kisiwa cha Mbudya, hapo jirani, tuliiacha, jua kali mno. Mama watoto anataka turudi Desemba.