Mjadala: Msusi asiguse kichwa cha mtu mpaka awe na leseni?

Fagio_Hadi_Draya (mleta mada)

Wadau, salama? Kuna hoja inayorudi kila akiungua mteja mahali: kwamba yeyote anayeishi kwa kazi ya urembo, awe msusi, kinyozi, mpambaji au fundi kucha, apite chuo, apate leseni, na asiye nayo afungiwe. Wanaoipinga wanasema huko ni kuwanyang'anya tonge watu waliojifunzia kazi pembeni ya kiti cha dada yao. Naileta hapa tuijadili, ila msinitarajie nikae katikati. Upande wangu ninao.

Nina miaka 11 saluni na chuo sijakanyaga. Nilianza na fagio, nikapandishwa kwenye sinki, kisha draya, na mwaka wa pili nikaruhusiwa kuweka dawa ya kunyoosha nywele. Mteja wangu wa tatu wa dawa nilimuunguza. Alikuwa amefumua rasta jana yake na kujikuna usiku kucha, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kichwa cha namna hiyo hakipakwi dawa, kinaachwa kwanza kitulie. Nikapaka. Dakika ya tano akasema inawasha. Nikamwambia avumilie, maana ndivyo na sisi tulivyofundishwa: ikiwasha ndiyo inashika. Alipoinua kichwa kutoka kwenye sinki alikuwa na vidonda viwili juu ya sikio, kila kimoja sawa na kifungo cha koti. Bosi akampa kopo la mafuta ya nywele bure, yakaisha. Jioni ileile nikakabidhiwa kichwa kingine.

Nilikuja kujua baadaye kilichokuwa ndani ya lile kopo: sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ileile ya kuchemshia sabuni na kuzibulia mabomba, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 na kuendelea, yaani alkali kali. Hata zile zinazouzwa kwa jina la upole, zisizo na kostiki, zina kalisi haidroksaidi inayochanganywa na kemikali nyingine, na ukali wake si wa mbali na huo. Jina la upole ndilo linalomfanya fundi azubae.

Basi hoja yangu ni hii. Leseni ifuate hatari, isifuate jina la kazi. Anayesuka kwa vidole na chanuo aachwe asuke. Anayeshika dawa, rangi, wembe, sindano au gundi ya kope apimwe. Na apimwe anachokijua, si saa alizokaa kwenye benchi. Marekani leseni hutolewa na majimbo, na kila jimbo lina idadi yake ya saa. Texas ilikuwa inadai saa 1,500 kwa fundi wa urembo wa jumla, mwaka 2021 ikashusha hadi 1,000. Sasa kama zile 500 zilikuwa za kumlinda mteja, walizifutaje? Huko huko mhudumu wa gari la wagonjwa wa ngazi ya msingi husomea saa kama 150 hivi. Mtu wa kukutoa kwenye ajali 150, wa kukuosha nywele 1,000. Karibuni.

Kiti_cha_Nne

Mleta mada, nakuheshimu kwa kusema la kwako hadharani, wengi hapa wangemsingizia mwanafunzi. Ila mimi ni kinyozi na nasema leseni kwa wote, bila kubagua.

Kazi yetu hii kihistoria ilikuwa chumba kimoja na udaktari. London mwaka 1540 vinyozi na wapasuaji waliwekwa chama kimoja, wakaja kutengana 1745. Kinyozi alikuwa anang'oa meno! Minnesota ndiyo iliyoanza kuwawekea vinyozi leseni Marekani, mwaka 1897. Ujerumani mpaka leo mtu anakaa mafunzoni miaka 3, na akitaka saluni yake mwenyewe kwa kawaida anatakiwa afaulu mtihani wa fundi mkuu. Hawa wote si wajinga.

Mnakijua kile kisanduku chenye taa ya bluu kilichopo karibu kila kinyozi? Mteja akikiona moyo unatulia. Mwanga ule unafika pale tu unapomulika. Chini ya meno ya mashine, penye vinywele na mafuta ya mtu aliyepita, haufiki. Kinafaa kuhifadhia kifaa kilichokwisha kutakaswa, chenyewe hakitakasi kitu. Na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Nimefanya kazi na vijana ambao wakishapuliza spiriti mara moja, fyuu, wanaita "anayefuata". Hawa nao tuwaache kwa sababu ni maskini?

Mama_Mwenye_Saluni

Nimeajiri wenye vyeti na wasio navyo. Niseme ukweli wangu, mwenye cheti wa mwisho niliyempokea alijua kuchora unywele na tabaka zake zote ubaoni. Nikampa kichwa cha kuritachi, yaani kupaka dawa nywele mpya zilizoota tu, akapaka dawa mpaka kwenye nywele za zamani zilizokwisha kunyooka. Mteja alichana mara tatu, nywele zikabaki kwenye kitana.

Na hivyo vyuo vyenyewe tuviangalie. Vipo ambavyo mwanafunzi analipa ada, halafu kutwa nzima anahudumia wateja wanaolipa chuo. Ada kwa chuo, hela ya mteja kwa chuo. Saa zikiongezwa na serikali, nani anashangilia? Simsemi mtu, nauliza tu.

Vidole_Kumi

Dada Mama_Mwenye_Saluni umemaliza. Mimi ni msusi tupu, sina dawa wala rangi. Kisa cha Isis Brantley wa Dallas, Texas, mnakijua? Alikuwa anasuka nywele za asili, mwaka 1997 polisi wakamkamata saluni kwake kwa kukosa leseni. Baadaye alipotaka kufundisha wengine kusuka, jimbo likamtaka awe na chuo kamili cha vinyozi: viti 10 vya kinyozi, na masinki. Masinki ya nini kwenye kusuka? Alipambana mahakamani hadi 2015 jaji akaona masharti yale hayana mantiki, na mwaka huohuo jimbo likawaondolea wasusi leseni kabisa. Utah nako walikuwa wanamtaka msusi asome saa 2,000, jaji akayatupa 2012.

Saa 2,000 ambazo karibu zote hufundishwi kusuka. Unafundishwa kupaka rangi, kucha na mengine, halafu unarudi kufanya kile ulichokijua tangu una miaka saba.

Nesi_wa_Zamu

Naona mnasuka na kusifiana. Naomba nikate kidogo.

Mleta mada, ulipoandika "anayesuka kwa vidole na chanuo aachwe asuke" uliteleza. Kliniki ya ngozi ninayofanyia kazi, wanawake wanaokuja na nywele za mbele zilizorudi nyuma hawakuunguzwa na kitu. Wamesukwa. Mistari midogo, imevutwa mpaka ngozi ya paji inang'aa na nyusi zimepanda. Siku ya pili kuna vipele vyeupe kwenye mashina. Mtu anameza dawa ya maumivu ili alale, akiamka anasifiwa kasukwa vizuri. Ukiwahi, nywele zinarudi. Ukikawia miaka, shina linakufa na kuacha kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayoziotesha. Mbaya zaidi ni kuweka dawa kwanza, halafu juu yake rasta nzito: unywele uliokwisha kudhoofishwa unabebeshwa mzigo.

Kwa hiyo hatari si kopo tu. Vidole navyo vinadhuru, tofauti ni kwamba vinadhuru polepole na fundi hayupo siku ya hesabu.

Vidole_Kumi

Nesi, mimi mteja ndiye anayeniambia "kaza, isifumuke mapema". Nikilegeza anahamia kwa jirani. Leseni itamzuiaje yeye?

Nesi_wa_Zamu

Haitamzuia. Ila ingekupa wewe la kumjibu.

Fundi_Kucha

Mmetusahau sisi, na kwenye kucha ndiko kuna kichekesho. Jeli nyingi zina kemikali inaitwa HEMA. Isipokaushwa vizuri kwenye taa, au ikigusa ngozi mara kwa mara, mtu anapata mzio ambao ukishaingia hautoki, na anaweza kusumbuka hata siku atakapohitaji kuzibwa jino, kwa sababu vitu vya kuzibia meno navyo vina kemikali za ukoo huo. Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ukaamua bidhaa za kucha zenye HEMA ziandikwe kwamba ni za wataalamu tu.

Haya, mtaalamu ni nani? Mahali pasipo leseni mtaalamu ni yeyote mwenye taa na meza. Nilinunua chupa yangu ya kwanza yenye maandishi hayo na muuzaji hakuniuliza hata jina. Onyo limeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye sheria haijamtaja.

Na kwenye kuosha miguu ndiyo usiseme. California mwaka 2000, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitoka majipu miguuni yaliyowaachia makovu. Wakaguzi walifungua mabeseni ya maji yanayozunguka, wakakuta nyuma ya chujio nywele na uchafu wa ngozi uliorundikana. Mkiangalia vizuri, California ni jimbo lenye leseni. Kwa hiyo Kiti_cha_Nne, karatasi ukutani haikuosha lile chujio.

Mzee_wa_Hoja

Nilikuwa nasubiri mtu aseme hilo. Leseni ni ulaji. Italetwa kwa jina la afya, itaishia kwa bwana mmoja mwenye stempu anayepita kila mwezi kuulizia chai. Atakayepona ni mwenye saluni kubwa, wa kibandani atafungiwa. Uingereza hawana leseni ya lazima kwa wasusi na vinyozi. Wana sheria ya mwaka 1964 inayowapa daftari, atakaye ajiandikishe, asiyetaka aendelee na kazi. Na vichwa vyao vipo.

Fagio_Hadi_Draya (mleta mada)

Mzee wangu, hapo kwa Uingereza umesoma ukurasa mmoja. Kitana wamekiacha, ndiyo. Sindano hawakuiacha. Mtoboa masikio na mchora tatuu huandikishwa na halmashauri. Mwaka 2021 walipitisha sheria kuzuia sindano za urembo za kulainisha makunyanzi na kujaza midomo kwa walio chini ya miaka 18 kule England, na sheria ya afya ya 2022 ikampa waziri mamlaka ya kuweka leseni kwa huduma hizo. Yaani hata wao, wapenda uhuru, walipofika kwenye damu walisimama. Ndiyo hoja yangu niliyoanza nayo.

Kuhusu bwana mwenye stempu, sina jibu zuri na sitajifanya ninalo. Ninachoweza kusema ni kwamba mlango wake unakuwa mpana pale sheria inapohesabu viti, masinki na saa. Mtihani wa jambo moja unampunguzia pa kushika.

Nesi, nimekubali. Nilichora mstari mahali pasipostahili, na nadhani niliuchora pale kwa sababu aliyenilea alikuwa msusi. Simtaki bado Vidole_Kumi akae darasani saa 2,000. Lakini siku mbili za kufundishwa anavyoumia unywele, na kuulizwa mwishoni, hizo aende. Na Mama_Mwenye_Saluni na mimi twende naye.

Kiti_cha_Nne

Mtihani wa nini hasa? Wengine hapa mafundi wazuri, kuandika ni shida. Mtawatoa kazini kwa kalamu.

Fagio_Hadi_Draya (mleta mada)

Kwa mdomo, mkuu, mbele ya kichwa cha mtu na meza yenye vifaa. Binti ninayemfundisha sasa sikumruhusu dawa mpaka alipojibu yafuatayo. Rangi nyeusi inajaribiwa wapi kabla ya kupakwa? Nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, na tunasubiri saa 48. Mteja akisema inawasha? Tunaosha, hatubishani naye. Unaanzaje na kichwa cha dawa? Namuuliza lini alifumua, kama amejikuna, kisha natenganisha nywele naangalia ngozi, ndipo nipake mafuta ya mgando kuzunguka paji na masikio. Alikosa hilo la mwisho mara mbili. Alifagia wiki tatu zaidi, akaninunia, akajibu.

Hayo hayahitaji viti 10 wala masinki.

Mama_Mwenye_Saluni

Na ambaye tayari ana miaka 20 kwenye kiti? Naye aitwe kuulizwa na mtoto wa jana?

Fundi_Kucha

Hasa huyo, mama. Ndiye anayewafundisha wenzake kwamba ikiwasha ndiyo inashika.

Mzee_wa_Hoja

Sijashawishika. Ila niulize nje ya mada: yule mteja wako wa vidonda, ulimwona tena?

Fagio_Hadi_Draya (mleta mada)

Alirudi, mzee, kama mwaka mmoja baadaye. Dawa hakutaka kuisikia. Alitaka kusukwa, akaniomba mistari yote niielekeze upande mmoja ili ifunike pale juu ya sikio. Nikaielekeza. Nikaikaza sana, isije ikasogea.