Je, utumishi wa kanisani unaweza kuhesabiwa kuwa ndio muda wangu na Mungu?

Mhasibu Mwimbaji aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba kuuliza jambo ambalo nimesita kumuuliza mchungaji wangu, kwa kuwa ni yeye aliyeniweka katika kamati mbili na nisingependa aone kwamba ninalalamika. Mimi ni mke, mama wa watoto wadogo, na mhasibu ambaye kila mwisho wa mwezi hufunga vitabu vya hesabu hadi usiku. Jioni mbili za juma ni za mazoezi ya kwaya, Jumamosi ni ya vikao, na Jumapili nafika kanisani kabla ya ibada ya kwanza na kuondoka baada ya ibada ya pili. Mtu anayenitazama kwa nje atasema kwamba maisha yangu yote ni ya Mungu. Lakini nikijiuliza ni lini mara ya mwisho nilikaa peke yangu nikaomba pasipo mtu kunisubiri, au nikasoma sura ya Biblia ambayo sikuwa natakiwa kuifundisha wala kuiimba, nakosa jibu.

Nimejaribu usiku, watoto wakishalala. Hufungua Biblia kwenye simu, na kabla zaburi haijaisha, ujumbe wa kundi la kwaya hushuka juu ya mstari uleule ninaousoma, mtu akiuliza Jumapili tunavaa sare ipi. Namjibu. Wa pili anauliza kama mazoezi ya kesho yapo, wa tatu anatuma wimbo mpya tuusikilize, na nikija kushtuka usingizi umenielemea na zaburi nimeiacha njiani. Je, utumishi huu wenyewe hauhesabiki kuwa ibada? Na kama haujitoshelezi, wenzangu wenye pilikapilika kama zangu huupata wapi muda wa kuwa na Mungu?

Mzee wa Kanisa Mstaafu alijibu:

Binti yangu, swali lako ni la heri, na ningependa ulitazame pamoja nami katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko, kwa sababu siku inayosimuliwa pale ina shughuli nyingi kuliko siku zetu. Yesu anafundisha katika sinagogi siku ya sabato, anamtoa mtu pepo mchafu, anakwenda nyumbani kwa Simoni na kumponya mkwewe, na jua linapokuchwa mji wote unakusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Baada ya jioni ya namna hiyo, yeyote kati yetu angeona ana haki ya kulala hadi jua lichomoze. Yeye aliamka alfajiri na mapema sana, kungali giza, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko.

Wahubiri wengi hukomea hapo, wakatuhimiza tuamke mapema, wakaketi. Mimi naona uzito wa habari hiyo uko katika mistari inayofuata. Simoni na wenzake wanamfuata, na wanapomwona wanamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Bila shaka mlangoni walikuwapo wagonjwa wapya, wenye shida za kweli, na kuwarudia kungekuwa kazi njema isiyo na doa. Jibu la Yesu ni kwamba waende mahali pengine, katika vijiji vilivyo karibu, apate kuhubiri huko nako, kwa kuwa hilo ndilo alilolijia. Alitoka katika maombi akijua ni kazi ipi iliyo yake na ipi aiache, hata kama watu wote walikuwa wanaidai. Mtu asiyeomba hana namna ya kuyatofautisha mawili hayo, kwa hiyo hukubali kila anachoombwa na kukiita utumishi.

Kwa hiyo nakujibu hivi: utumishi ni ibada, lakini si mbadala wa kukaa na Yule unayemtumikia. Martha alikuwa akimhudumia Bwana mwenyewe, chini ya paa moja naye, na bado Bwana alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Angalia pia kwamba hakukatazwa kupika. Katika Yohana 12 tunamkuta Martha yuleyule akihudumu tena mezani, na safari hii hakuna anayemkemea.

Zamu ya Usiku alijibu:

Namheshimu sana Mzee, lakini naomba niseme neno kwa niaba yetu sisi ambao alfajiri haipo. Mimi ni muuguzi, na saa ambayo wahubiri huisifu kuwa ndiyo ya kukutana na Mungu mara nyingi hunikuta nikikabidhi wodi, nikimweleza mwenzangu anayeingia kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani hajapata usingizi na chupa yake ya maji ya mshipani ibadilishwe. Kwa miaka mingi nilisikiliza mafundisho ya kuamka saa kumi na moja nikaondoka nikijiona Mkristo wa daraja la pili.

Kilichonisaidia ni kugundua kwamba Biblia yenyewe haikujifunga kwenye saa moja. Danieli, aliyekuwa mmoja wa mawaziri watatu wakuu wa ufalme, aliomba mara tatu kwa siku akiwa amefungua madirisha ya kuelekea Yerusalemu. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa alasiri, na Petro alipopata yale maono huko Yafa alikuwa amepanda darini kuomba yapata saa sita mchana. Nehemia aliomba mbele ya mfalme, katikati ya swali aliloulizwa na jibu alilotoa, na sidhani kama maombi hayo yalizidi pumzi mbili. Halafu kuna Zaburi ya 134, ambayo naichukulia kuwa ya watu wa zamu kama mimi: ina mistari mitatu tu, na inawaambia watumishi wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana wamhimidi. Naisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja nimevaa na kingine bado. Huo ndio muda wangu, na siku hizi siuombei radhi.

Dada, jambo jingine ambalo halisemwi sana ni uchovu. Eliya alipokata tamaa jangwani, malaika hakumpa somo wala mfungo. Alimwamsha ale, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na ndipo safari ya kwenda Horebu ikaanza. Ukiona unasinzia juu ya Biblia kila usiku, huenda kinachotakiwa kwanza ni usingizi. Usomaji uuhamishie saa ambayo kichwa bado kina nafasi.

Mchangiaji wa Tatu alijibu:

Tusizunguke mbuyu. Muda tunao, simu ndiyo inayoula. Nunua Biblia ya karatasi.

Zamu ya Usiku alijibu:

Kuhusu Biblia ya karatasi nakuunga mkono, ndugu yangu, lakini simu haikuziunda zile kamati mbili.

Msomaji wa Masifu alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na huenda mapokeo yetu yakawa na kitu cha kumsaidia dada yetu, ingawa sina nia ya kumvuta kanisani kwetu.

Naona tatizo liko katika kusubiri nafasi ipatikane, kwa maana nafasi haipatikani. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika kanuni yake ya watawa katika karne ya 6, alilijua hilo, na watawa wake walikuwa watu wa kazi za mikono, si watu wa kukaa tu. Aliagiza kwamba mara ishara ya saa ya sala inaposikika, kila mmoja akiache alichokishika na kwenda, kwa kuwa hakuna kinachopaswa kutangulizwa mbele ya kazi ya Mungu, jina aliloipa sala hiyo ya pamoja. Hakusema amalize kwanza. Mhasibu anajua kwamba kazi haimaliziki, ila hufika mahali mtu akaifunga. Benedikto huyohuyo alisema sala inapaswa kuwa fupi na safi, isipokuwa pale neema ya Mungu inapomsukuma mtu kuirefusha. Basi saa iwekwe, iwe fupi, iheshimiwe. Sisi walei wengi, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, hushika Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, ambayo ni sala za zaburi za saa hizo, au sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, ambayo haichukui hata dakika tano.

Wapo watakaokuambia kwamba kazi yako ikifanywa kwa upendo inatosha, na watakutajia Ndugu Laurenti, yule mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris aliyefariki mwaka 1691, aliyesema kwamba katikati ya kelele za jikoni alikuwa na Mungu sawasawa na anapopiga magoti. Ni kweli, ila wanasahau kwamba aliishi katika nyumba ambamo saa za sala zilishikwa kila siku.

Kwa upande wa usomaji, Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano za juma, unalimaliza katika majuma 52, na bado umebaki na siku mbili kila juma za kufidia siku zilizokushinda. Kwa mtu mwenye mwisho wa mwezi kama wako, siku hizo za akiba ni muhimu, kwa sababu mipango mingi ya usomaji hufa siku msomaji anapoachwa nyuma na kuona aibu kuurudia.

Mhasibu Mwimbaji alijibu:

Nawashukuru nyote. Saa ya mchana ofisini naiweza, kwa sababu baada ya chakula huwa nabaki na dakika ambazo mara nyingi huishia kwenye simu, na sura moja naiona iko ndani ya uwezo wangu. Linalonitatiza ni lile la kamati. Nikijiondoa, watasema nimerudi nyuma kiroho. Mzee, wewe umekaa upande wa pili wa meza hiyo; ungependa muumini akuambieje?

Mzee wa Kanisa Mstaafu alijibu:

Ningependa aje mapema, kabla hajaanza kukosa vikao kimyakimya. Msomee mchungaji wako Kutoka 18, nawe usimsomee kama mtu anayemshtaki. Musa alikaa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, na Yethro mkwewe, aliyekuwa mgeni tu pale, alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwa maana atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye. Musa alishauriwa achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na katika mpango ule kazi aliyotajiwa kwanza kuwa ni yake ni kuwa mbele za Mungu kwa ajili ya watu.

Kwaya usiiache, maana naona unaipenda. Katika zile kamati, chagua moja ambayo ujuzi wako wa hesabu unahitajika kweli, na kwa ile nyingine nenda ukiwa na jina la mtu anayeweza kushika nafasi yako na ambaye umeshazungumza naye. Sisi wazee hupata tabu kumwachilia mtu pale tunapoona pengo. Akija na mtu wa kuliziba, kikao hicho huwa kifupi. Mwombe pia kiongozi wa kwaya kwamba matangazo ya kundi yatolewe siku moja ya juma, na kundi lenyewe ulizime sauti kuanzia jioni. Wakikuuliza kwa nini hujajibu suala la sare, waambie ulikuwa unasali.