Baa ya nyumbani yenye tangi kubwa la samaki: ukutani, mbele ya kaunta au katikati ya sebule?

Mpangaji Mstaafu
Wakuu, habari za jioni. Hatimaye nimehamia kwangu, Goba hapa Dar, mambo ya kodi nimeyaaga. Kuna kona ya sebule nataka kaunta ndogo ya vinywaji, na humo humo niingize tangi kubwa la samaki. Fundi wa vioo na aluminiamu yuko tayari, anataka advansi Jumamosi. Kanipa michoro mitatu:

A. Tangi ukutani nyuma ya kaunta, chupa zipangwe kushoto na kulia.
B. Tangi ndiyo uso wa kaunta. Ukikaa kwenye stuli samaki wanapita magotini, juu granaiti.
C. Tangi lisimame katikati, litenganishe kaunta na sebule, lionekane pande zote mbili.

Mimi naipenda B. Mama watoto anataka C. Mnashaurije?

Kiroboto
B. Uzi ufungwe.

Fundi Sanifu
Mkuu, umetuletea nusu ya swali. Tangi ukubwa gani? Kioo milimita ngapi? Samaki gani? Nyumba ya chini au ghorofa?

Mpangaji Mstaafu
Urefu futi sita, upana mbili, kimo mbili. Kioo sijamuuliza. Samaki wowote wa rangirangi, wapendeze tu usiku taa zikiwaka.

Fundi Sanifu
Futi sita kwa mbili kwa mbili ni kama sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Hizo ni lita 648 likijaa, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa kimo hicho usikubali kioo chini ya milimita 12, na kioo chenyewe peke yake ni karibu kilo 120. Weka mchanga, mawe na stendi ya chuma, unakaribia tani moja. Bado hujajibu: chini au ghorofani?

Mpangaji Mstaafu
Ghorofani. Sebule iko juu, chini yake kuna gereji na chumba cha bi mkubwa.

Kiroboto
Chumba cha MAMA? Nabadilisha kura yangu.

Fundi Sanifu
Sasa tunaongea. Kwa viwango vya Kiingereza ambavyo mainjinia wengi hapa wamevisomea, slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya mzigo wa kama kilo 150 kwa mita moja ya mraba, yaani watu na fanicha. Wewe unataka kuweka karibu tani nzima kwenye eneo la mita moja na kitu. Sisemi slabu itadondoka kesho, kwa sababu zege hugawana mzigo na majirani zake. Ila mahali linapokaa ndiyo kila kitu. Tangi likikaa kando, sambamba na ukuta ambao chini yake kuna bimu au ukuta mwingine, unalala usingizi. Likikaa katikati ya chumba, ambako slabu inapinda zaidi, hapana. Kwa hiyo C ndiyo mbaya kuliko zote, shemeji anisamehe. Tafuta mchoro wa nondo wa hiyo nyumba kabla hujatoa advansi.

Mpangaji Mstaafu
Mchoro wa nondo? Nyumba niliinunua ikiwa imefikia lenta ya juu. Alijenga mtu mwingine.

Fundi Sanifu
Dah.

Kigoma Mwisho wa Reli
Mambo ya zege waachie wenyewe. Samaki: weka wa Tanganyika. Tuna ziwa lenye spishi zaidi ya 200 za sikilidi, jamii moja na sato, karibu zote hazipo kwingine duniani, watu Ulaya wanazilipia pesa ndefu, halafu Mtanzania anaenda kununua samaki wa dhahabu kutoka Asia. Kwa baa mimi ningeweka frontosa. Ana mistari myeusi na rangi ya samawati, ana nundu kichwani kama mzee wa baraza, anaogelea taratibu na anapenda mwanga hafifu. Hakuna samaki anayefaa baa kumzidi. Ila anafika sentimita 30, kwa hiyo futi sita ndiyo mwanzo wake. Na maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, na pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, kuanzia 8.5 hivi. Usiweke magogo ya mapambo, hayo yanavuta pH chini. Weka mawe.

Jirani wa Kyela
Frontosa mwaka mzima utamwangalia amelala kwenye pango. Weka mbuna wa Ziwa Malawi, tangi linachemka rangi saa zote, buluu, njano, chungwa. Siri yake ni kuwajaza wengi. Ukiweka wachache mmoja anakuwa mbabe anaua wenzake, ukiwajaza ugomvi unagawanyika.

Kiroboto
Ziwa NYASA, mkuu. Unaishi Kyela halafu unagawa mpaka wetu bure bure.

Jirani wa Kyela
Nimeandika haraka. Nyasa. Lakini ushauri ndiyo huo huo.

Mvuvi wa Nyali
Ndugu zangu wa bara mna raha. Huku Mombasa tungekwambia weka maji ya chumvi. Samaki wa miambani, akina kipepeo na wale wadogo wanaoishi ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini mfano wa ua, rangi zao hakuna ziwa litakalozifikia. Bahari i pale pale.

Binti wa Pangani
Kaka wa Nyali, bahari ipo lakini usimdanganye anayeanza. Tangi la chumvi maji yakipungua kwa joto, chumvi inabaki, kila siku unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Ukisafiri wiki moja unarudi kwenye msiba. Na asije akashawishika kwenda kung'oa matumbawe, hilo ni kosa kisheria.

Mvuvi wa Nyali
Sijasema ang'oe, dada yangu. Nimesema rangi.

Shemeji wa Mbezi
Ngoja niwaambie habari ya B, maana naona mwenye uzi moyo wake upo huko.

Kaka wa mke wangu alijengewa kitu hicho hicho. Kaunta ya L, mbele tangi la futi tano, juu granaiti nyeusi. Siku ya ufunguzi tuliimba. Fundi wake, sitamtaja, alikuwa ameacha nafasi ya sentimita kumi na tano kati ya mdomo wa tangi na granaiti. Mkono wa mtu mzima unaingia hadi kiwiko, unaishia hapo. Kufika chini kwenye mchanga huwezi. Mwezi wa kwanza sawa. Wa pili kioo kikaanza kijani kwa ndani, maana taa zilikuwa zinawaka hadi usiku wa manane kila wageni wakija, na mwani ukipata mwanga haukuombi ruhusa. Tukamtumia mtoto wa darasa la tatu kusugua, kwa malipo ya soda.

Kisha samaki wakaanza kufa, mmoja mmoja, kila baada ya sherehe. Tulisema ni muziki, maana spika zilikuwa zimefungwa kwenye mbao za kaunta ile ile, na samaki anausikia mtetemo kwa mstari wa ubavuni. Tukahamisha spika. Wakaendelea kufa. Kumbe kila kabla ya wageni kufika dada wa kazi alikuwa anapuliza dawa ya mbu sebuleni, na pampu ya hewa iko chini ya kaunta, inavuta hewa ile ile na kuisukuma ndani ya maji. Hizi dawa za kupuliza nyingi kwa samaki ni sumu kali.

Mwisho silikoni ikaanza kuvuja kwenye kona. Kuziba lazima ukaushe tangi, na kulitoa lazima ung'oe granaiti. Wanaume wanne tuliiinua, ikakatika vipande viwili. Mpaka leo mbele ya kaunta kuna plaiwudi.

Mpangaji Mstaafu
Aisee. Sasa nikiacha nafasi ya sentimita arobaini juu?

Shemeji wa Mbezi
Kaunta ya kawaida ni kama mita moja na kumi kwenda juu. Toa stendi, toa nafasi ya mkono, toa granaiti. Tangi linalobaki ni la kimo gani? Piga hesabu mwenyewe. Na viatu vya watu kwenye stuli vitagonga wapi?

Bwana Salama
Kioo hakipasuki chenyewe, acheni kutishana.

Fundi Sanifu
Mwambie mtu wa Berlin. Tangi la AquaDom, tarehe 16 Desemba 2022, lita milioni moja zilimwagika alfajiri ndani ya hoteli, samaki wapatao 1,500.

Bwana Salama
Ile ilikuwa akriliki, plastiki ngumu, siyo kioo, na ilikuwa silinda yenye lifti katikati. Unalinganisha na lita 648 za Goba?

Fundi Sanifu
Nalinganisha tabia ya maji. Lita 648 zikimwagika ghorofani, mama yupo chini. Tena mwambie fundi wako asitumie silikoni ya bafuni ya kuzuia ukungu, ina dawa ndani. Na umeme wa eneo hilo uwe na swichi ya kujikata maji yakigusa waya, na kila waya uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Mja wa Subira
Ndugu, mimi nauliza kwa nia njema. Kwa nini nyumba mpya ianze na pombe? Hapo ungeweka rafu ya vitabu, tangi likabaki.

Kiroboto
Uzi unauliza A, B au C. Kitabu ni herufi gani?

Mja wa Subira
Nimenasihi tu.

Binti wa Pangani
Mimi A, lakini jambo moja hamjalisema: friji. Kwenye A watu huchomeka friji la bia kando ya tangi. Kompresa inatema joto mgongoni, na hapo ni Dar, Januari chumba chenyewe kipo nyuzi 31. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo, na hao sikilidi wanataka nyuzi 24 hadi 27. Friji likae upande wa pili. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji, inapunguza nyuzi mbili hivi, ila maji yatapungua, utakuwa unaongeza. Na pampu ya hewa ya betri iwepo, umeme ukikatika kwa muda wa saa nne na samaki wamejaa humo hutaki kubahatisha.

Tena usinunue samaki siku ya kwanza. Tangi likae na filta ikizunguka wiki nne hadi sita, bakteria wa kula amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, wazaliwe.

Mpangaji Mstaafu
Wiki sita na tangi tupu? Nilishaalika watu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kiroboto
Weka sato. Wakifa mnakaanga.

Kigoma Mwisho wa Reli
Mwenye uzi, usimsikilize. Samaki wa Kigoma napata kwa mtu mwenye kibali, nitakutumia picha faragha.

Jirani wa Kyela
Muulize kwanza bei ya frontosa mmoja, kisha uniulize mimi bei ya mbuna ishirini.

Mpangaji Mstaafu
Nimemwambia fundi asubiri kidogo. Kesho anakuja jamaa injinia kuangalia slabu. Mama watoto sasa anasema basi tangi lishuke chini kwa mama na kaunta ibaki juu bila samaki.

Fundi Sanifu
Chini ardhini ndiyo pazuri kuliko pote.

Shemeji wa Mbezi
Halafu wageni wako wakanywe chumbani kwa bi mkubwa?

Pengo la Juu
Samahanini wakuu, mimi mgeni humu. Stuli ndefu za kaunta zenye mgongo, zile za chuma, wanachomelea wapi kwa bei nafuu? Niko Ubungo.