Tupeane uzoefu: siku mbaya za mkimbiaji anayeanza

Mgeni wa Kiamunyi
Ndugu zangu, nilihamishwa kikazi kutoka Kisumu hadi Nakuru hivi karibuni, na kule Kisumu nilikuwa nimekwisha kuzizoea mbio fupi za asubuhi. Hapa mambo yamenigeukia. Jana jioni, kwenye barabara ya kuelekea Kabarak, kifua kilinibana kabla sijafika hata kwenye kituo cha boda boda kilicho karibu na kwangu. Nikiwa nimeinama, mikono magotini, nikitafuta pumzi, watoto wa shule wenye mabegi mgongoni walinipita huku wakicheza, na mmoja wao akaniambia, “Pole, guka,” yaani babu, ilhali sijafikisha miaka arobaini. Wahudumu wa boda boda walicheka mpaka wakashikana mabega. Naomba wenzangu mlioanza mbio ukubwani mtueleze siku zenu mbaya na jinsi mlivyozimudu. Mabingwa nawaomba wawe wasikilizaji kwa leo.

Mama wa Section 58
Mimi niliulizwa na mlinzi wa lango kama kuna mtu aliyekuwa akinifukuza. Nakuelewa kabisa.

Mwalimu Mstaafu, Kapsabet
Ndugu Mgeni, usijidharau kabla ya kuangalia ramani. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, nayo Nakuru takriban mita 1,850, maana yake umepanda zaidi ya mita 700 kwa safari moja ya matatu, na mapafu yako hayakupewa barua ya uhamisho. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko ile uliyoizoea. Mwili hujirekebisha kwa majuma kadhaa, mradi usiulazimishe. Kwa sasa kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kutamka sentensi nzima bila kukatika, na ukishindwa kuitamka, tembea. Na usijaribu kabisa kupanda hadi ukingo wa kreta ya Menengai, ambao uko kwenye mita 2,278, mpaka barabara ya nyumbani kwako ikuzoee.

Kijana wa Mamboleo
Kwa heshima zote, Mwalimu, hayo ya mwinuko yanatiwa chumvi. Anayetaka kujua taabu na aje Kisumu apande kilima cha Riat kwenye barabara ya Kakamega saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshika kazi, na unyevu wa ziwa ukizuia jasho lisikauke mwilini. Nakuru kuna baridi nzuri ya kukimbilia. Huyu ndugu yetu amelizoea joto, kwa hiyo angepaswa kuwa anapaa.

Mwalimu Mstaafu, Kapsabet
Kijana wangu, joto na upungufu wa oksijeni ni mizigo miwili tofauti, na kuubeba mmoja si kuuzoea wa pili. Tena, anayepanda Riat saa tatu asubuhi hana wa kumlaumu.

Mama wa Section 58
Mwalimu na Kijana, mwenzetu aliuliza jinsi ya kuvumilia, hakuomba mashindano ya miji.

Mkazi wa Dunga
Niruhusuni nieleze kwa urefu, kwa sababu kicheko cha hao wa boda boda kimenikumbusha jambo ambalo huwa silisimulii.

Nilianza kukimbia baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, na kwa kuwa sikutaka majirani wauone mwili wangu ukitikisika barabarani, nilichagua kutoka kabla ya adhana ya alfajiri, giza likiwa bado limetanda. Njia yangu ilikuwa ile ya kutoka Dunga kuelekea Hippo Point. Siku hiyo kila kitu kilikwenda kombo tangu mwanzo: mtoto alikuwa ametukesha, mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope kila mahali, kamba ya kiatu cha kushoto ilikatika nikaifunga fundo, na simu niliyoitegemea kwa mwanga ilikuwa karibu kuzima. Nilikuwa nikijikokota na kujisuta kwamba mimi ni mvivu, niliposikia nyasi zikikatwa kwa nguvu, mkato baada ya mkato, karibu nami mno. Nilidhani ni ng’ombe wa jirani aliyekata kamba, nikamulika ili nimfahamu.

Niliona ubavu. Sikuona kichwa wala miguu, niliona ubavu tu, mpana, uliolowa, wenye rangi ya kijivu iliyoingia uwekundu kwenye mikunjo ya ngozi. Ulikuwa upande wangu wa kulia, na ziwa lilikuwa upande wangu wa kushoto. Waliozaliwa kando ya ziwa wanajua maana yake: kiboko alikuwa amemaliza malisho yake ya usiku na anarudi majini, nami ndiye niliyesimama katikati ya njia yake.

Nilizima simu, uamuzi ambao mume wangu haukubali mpaka leo, nikarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ua wa kayaba, kisha nikajisukuma ndani yake bila kujali miiba. Alipita mbele yangu pasipo haraka yoyote. Nilisikia pumzi zake, nikanusa majani yaliyochachuka, halafu maji yakapasuka kwa kishindo, kukawa kimya. Nilibaki ndani ya ua ule mpaka wavuvi wa kwanza walipopita, na walinichomoa kwa taabu kwa sababu miiba ilikuwa imeshika nguo na nywele.

Baada ya hapo niliacha mbio kwa muda mrefu. Kilichonirudisha ni wifi yangu, ambaye alikubali kunifuata kwa baiskeli kwa sharti kwamba tutoke saa moja asubuhi, watu wote wakituona. Wanatuona, na wanacheka. Ndugu Mgeni, wapo wengi wetu tunaojificha gizani kwa sababu ya aibu, na gizani ndiko kuliko na mashimo, magari yasiyo na taa, na mengine niliyoyataja. Kicheko cha watu wa boda boda hakijawahi kumkanyaga mtu.

Kijana wa Mamboleo
Dada, pole sana. Lakini kwa nini hukukimbia tu? Ulikuwa tayari umevaa viatu.

Mwalimu Mstaafu, Kapsabet
Kiboko huweza kufikia kasi ya kilomita 30 kwa saa akiwa nchi kavu. Eliud Kipchoge, alipokamilisha marathoni kwa saa 1:59:40 pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa akienda zaidi kidogo ya kilomita 21 kwa saa. Fanya hesabu mwenyewe, kisha umshukuru dada kwa kuuchagua ua.

Mpita Njia, Busia
Je, alikuwa na mtoto? Nasikia jike mwenye mtoto ni hatari zaidi.

Mkazi wa Dunga
Sikupata nafasi ya kumhoji.

Mzee wa Lanet
Naomba turudi kwenye mbio, kwa maana naona sasa kila mtu ana swali la kiboko. Mimi nina umri wa kutosha kuitwa guka kwa haki. Siku yangu mbaya kuliko zote ilikuwa katika mbio za hisani ambazo nilizitangaza kwa ukoo mzima, wajukuu wakaja na bango lenye jina langu, nami nikaacha njiani kwa sababu ya mgongo na kurudishwa na gari la wagonjwa lililokuwa likikusanya walioshindwa. Nilikaa ndani ya gari lile karibu na kijana aliyekuwa akilia. Kilichonifariji baadaye ni kumwona Kipchoge mwenyewe katika Olimpiki ya Paris, tarehe 10 Agosti 2024, akiacha marathoni baada ya kilomita 30 hivi kwa maumivu ya mgongo. Alitembea, akawagawia watazamaji viatu vyake na vifaa vyake, akaenda zake. Kama yeye anaweza kuacha mbele ya dunia nzima, mimi ni nani nisiache mbele ya wajukuu?

Kijana wa Mamboleo
Mzee, Kipchoge aliacha akiwa tayari ana dhahabu mbili za Olimpiki. Sisi tunaacha tukiwa hatuna hata fulana.

Mwalimu Mstaafu, Kapsabet
Mimi naona tofauti na Mzee wa Lanet. Tusiwafundishe wanaoanza kuacha haraka. Katika Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico, Kipchoge Keino, si huyu Eliud, alikuwa akisumbuliwa na kifuko cha nyongo, akaanguka kwa maumivu kwenye mita 10,000, na bado alirudi akapata fedha katika mita 5,000 na dhahabu katika mita 1,500. Hiyo ndiyo roho tuliyolelewa nayo huku Nandi.

Muuguzi wa Kakamega
Mwalimu wangu, nakuheshimu, lakini mfano huo umewaletea watu matatizo ninayoyashughulikia mimi wodini. Keino alikuwa mwanariadha aliyekomaa, na hata hivyo madaktari walimkataza. Anayeanza, tena katika ukanda huu wetu wa malaria, akiamka na homa, baridi ya mifupa na kichwa kinachogonga, asitoke kwenda “kulitoa jasho”. Aende akapimwe damu. Jambo jingine ninalolichukia ni ile desturi ya kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki kabla ya kukimbia ili mguu usiume. Dawa hizo, mwili ukiwa umepungukiwa maji, zinaweza kudhuru figo, na maumivu uliyoyanyamazisha yalikuwa yakikuonya. Uchovu wa kukosa usingizi, aibu, mvua, au kuvunjika moyo kwa kupitwa na watoto ni siku mbaya ambazo unaweza kutoka na kukimbia polepole kwa dakika chache. Homa, maumivu ya kifua, kizunguzungu au mguu unaokufanya uchechemee si siku za kujithibitisha.

Na kwa Mgeni mwenyewe: ulisema kifua kilikubana. Ikiwa kubanwa huko kuliisha ulipopumzika, bado ningekushauri upime shinikizo la damu na uonane na daktari kabla ya kutoka tena, badala ya kututegemea sisi kukuambia kwamba ni mwinuko.

Mgeni wa Kiamunyi
Ahsante, Muuguzi. Kesho nitapita zahanati kabla ya kwenda kazini.

Mama wa Section 58
Mimi nitaongeza la mbwa, kwa kuwa hakuna aliyelitaja. Mitaa yetu ina mageti yanayoachwa wazi asubuhi. Mbwa akikujia, simama, usimpe mgongo.

Kijana wa Mamboleo
Inama kana kwamba unaokota jiwe. Hakuna mbwa wa Kenya asiyeielewa lugha hiyo.

Muuguzi wa Kakamega
Na akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Pilipili na mafuta ya taa viacheni jikoni.

Mnunuzi wa Kibuye
Nina swali kuhusu miguu. Nilinunua viatu vya mbio vya mitumba pale Kibuye, vinang’aa, ila soli imekauka na ukiibonyeza kwa kidole haibonyei. Tangu nivivae, ugoko wa mguu wa kulia unauma. Mwanzoni uliuma nikikimbia tu, sasa unauma hata nikipanda ngazi, na Jumapili nina mbio za kilomita 10 ambazo nimekwisha kulipia.

Mzee wa Lanet
Paka mafuta ya kuchua, funga bendeji, kimbia.

Muuguzi wa Kakamega
Mzee, tafadhali. Wewe Mnunuzi, pitisha kidole polepole juu ya mfupa. Je, maumivu yameenea kwenye sehemu ndefu ya ugoko, au yako mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole?

Mnunuzi wa Kibuye
Ni mahali pamoja. Nikipagusa naruka.

Muuguzi wa Kakamega
Basi huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia leo, viweke kando viatu hivyo, na uende ukapigwe eksirei. Picha ya kwanza ikitoka safi na bado unaumwa, rudi, kwa sababu ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani mapema.

Mnunuzi wa Kibuye
Na pesa niliyolipia mbio?

Mzee wa Lanet
Nenda ukachukue fulana yako, ukae kwenye kiti mstarini mwa kumalizia. Mimi nitakuwa huko Jumapili, na safari hii sijamwambia mjukuu yeyote.