Naombeni ushauri: sini ya kunyoa iwe wapi kwenye filamu ya askari wa kike?

Kalamu_Nzito: Wakuu, heshima kwenu. Nina filamu fupi: dada yuko kozi ya makomando, wenzake wote wanaume. Sini ya kunyoa nywele iko mwishoni. Wakimwona na kipara ndipo wanamkubali. Nahisi haijakaa sawa, usingizi sipati. Niihamishie wapi?

Kurunzi: Kipara hakimpi mtu heshima kambini. Kwenye filamu ya G.I. Jane (1997), ya mwanamke aliye kozi ya makomando, Demi Moore anajinyoa mbele ya kamera, ila kinachobeba sini ile ni kwamba mhusika amedai apimwe sawa na wanaume. Onyesha kipimo. Wanawake wawili wa kwanza kuhitimu kozi ya Ranger (mafunzo magumu ya mapigano) ya Jeshi la Marekani, 2015, walifanya mtihani uleule: pushapu 49 kwa dakika 2, mbio za maili 5 kwa dakika 40, matembezi ya maili 12 na mzigo mgongoni kwa saa 3.

Mama_Kamera: Kwa nini kila mara mwanamke ndiye aombe kukubaliwa? Muonyeshe akiwa hodari wa kazi, inatosha.

Fundi_Jicho: Mkuu, umeshashuti hiyo sini?

Kalamu_Nzito: Ndiyo. Lokesheni ya kambi tulipewa siku moja, tukaanza nayo. Sini za mwanzo bado. Ila wigi ipo, na ni nzuri.

Hata_Mimi: Nani anaanza na mashine ya kunyolea kabla ya sini za nywele? Chai hii. Hakuna filamu hapa.

Kalamu_Nzito: Filamu ipo. Ningengoja, kambi ningeikosa kabisa. Uamuzi ulikuwa sahihi.

Fundi_Jicho: Iwe chai au la, jibu ni lilelile. Wigi ya lesi (yenye wavu mwembamba ukingoni) inashikwa na gundi kwenye paji la uso. Jasho likitoka gundi inaachia, ukingo unanyanyuka, na kamera ya karibu inauona. Kunyoa kuwe sini ya pili. Kabla yake bakiza moja tu: anafika getini, hana jasho, kamera mbali. Mbio, matope na kamba vyote baada ya kipara. Andika namba ya mashine mliyotumia, na anyolewe kila asubuhi ya kushuti, maana kipara cha siku tatu kinaonekana.

Kurunzi: Na kukubaliwa kuje kwenye matembezi ya usiku: aliyebeba redio anamkabidhi bila neno, kwa kuwa zamu yake imefika.

Kalamu_Nzito: Ya redio naichukua. Ila wigi yangu haina lesi.

Fundi_Jicho: Basi mvalishe kofia, umshuti kwa nyuma tu.