Tuna Jumamosi nne kabla ya kushuti filamu ya chuo, warsha tuzigaweje?

Habari zenu wakuu,

Sisi ni wanafunzi sita, tuko Bagamoyo. Filamu yetu ya muhula ni ya dakika 10, inahusu babu fundi wa mashua na mjukuu wake wa kike anayetaka kurithi tezo yake ya kuchongea. Tutashuti ufukweni siku mbili. Kabla ya hapo tumepewa Jumamosi nne za warsha, mada tupange wenyewe. Tuna kamera moja, maiki moja na hedifoni za kuazima. Wenzangu wanataka Jumamosi tatu ziwe za kamera, mimi roho inasita. Mliopita njia hii, nisaidieni.

Sikio la Pwani:
Mdogo wangu, anzeni na sauti. Mwaka wetu tulishuti ufukweni bila kuivika maiki hata kitambaa cha manyoya. Picha zilitoka safi, lakini maneno yote yalimezwa na upepo. Tukarudi baada ya wiki, mhusika mkuu keshasuka nywele upya, sini nzima ikatupwa. Jumamosi ya kwanza nendeni ufukweni penyewe, saa ileile mtakayoshuti. Kila mtu avae hedifoni asikilize. Maiki isogee karibu na mdomo hadi ukingo wa fremu, yaani mwisho wa picha inayoonekana, na sauti kali isipite desibeli -12 hivi kwenye mita ya kurekodia. Kabla hamjaondoka, nyamazeni wote mrekodi nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe, ya kuzibia mapengo. Wakati wa kuediti mtaniombea dua.

Bi Mwanga:
Naongeza la jua. Saa sita mchana linakaa utosini, macho ya mwigizaji yanakuwa mashimo meusi. Shutini saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 jioni kuendelea, ila jioni msijiachie: jua likizama kwetu giza halichelewi. Shuka jeupe likishikwa vizuri linarudisha mwanga usoni.

Na kibali je? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kushuti. Ombeni barua ya chuo sasa hivi, mpite na serikali ya mtaa.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Barua nafuatilia kesho. Tatizo jingine, wanne kati yetu wanataka kuongoza.

Sikio la Pwani:
Msipige kura. Jumamosi ya pili kila mmoja aongoze zoezi la ukurasa mmoja wa skripti, ambao ni kama dakika moja ya filamu, wengine wazunguke kwenye kamera, maiki, klapa (kile kibao cha kugonga kabla ya shoti) na kumbukumbu. Huyo wa kumbukumbu apige picha za nguo, nywele na vitu kila mnapokata. Mkiangalia kazi zote sita pamoja, mtajuana. Ya tatu rudieni sini ngumu kuliko zote na waigizaji wenu, ya nne muiediti hiyohiyo.

Muuliza swali:
Mrejesho wa Jumamosi ya kwanza. Tulirekodi mjukuu akimwambia babu, "Nipe na mimi nijaribu," babu akiwa anachonga. Kwenye hedifoni tezo ilifunika "nipe" yote. Tukarudia mara tano. Mara ya sita babu mwenyewe akasimamisha tezo hewani, akamtazama mtoto, ndipo mtoto akasema. Skripti tumeibadilisha palepale.